Taarifa ya Furaha ya Panya Kumi na Wawili

(Hotuba ya Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu ya kutangaza matokeo ya Mradi wa Uyoga wa Gogo, ukumbi mkubwa wa Taasisi. Ilipangwa kuanza saa nne asubuhi na ilianza saa sita kasoro robo. Yaliyo kwenye mabano yameandikwa na karani wa mkutano, ambaye aliagizwa aandike kila kitu asibakize, naye hakubakiza.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye Mwenyekiti akiwa hayupo huwa ndiye Mwenyekiti, na leo wote wawili hawapo. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wao, karibu sana na pole kwa kutumwa. Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi, Makaimu, na wale wanaowakaimia Makaimu. Wakuu wa Idara, Vitengo na Madawati. Wataalamu wetu wa maabara popote mlipo. Wanahabari, ambao naona mmoja wenu amekuja na kamera. Wageni waalikwa, na wageni ambao hamkualikwa ila mmesikia kuna chai. Mabibi na mabwana. Na wenye shughuli yao hasa, panya wetu kumi na wawili, ambao kwa sababu za kitaalamu hawakuweza kuungana nasi. Kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajihesabu ametajwa na asinune, kwa sababu leo tumekutana hapa kupambana na kununa.

(Makofi. Mwakilishi wa Mwakilishi amenyanyuka nusu, akaketi.)

Ndugu zangu, kabla sijasema nilichokuja kusema, naomba kwanza niseme nitasema nini. Nitasema juu ya sonona. Sonona, kwa wale ambao hamkubahatika kuhudhuria wokshopu yetu ya siku tano ya kutafuta maana ya neno hilo, ni ile hali ya mtu kuzidiwa na huzuni hadi chakula hakipiti, usingizi ama hauji ama hauondoki, na kazi aliyokuwa akiifanya huku anaimba inamshinda hata kuitazama. Ni tatizo mtambuka. Ni tatizo la kimkakati. Mimi binafsi nimelivalia njuga tangu siku niliyoteuliwa, na napenda kuwatoa wasiwasi kwamba tangu siku hiyo mimi mwenyewe sijawahi kuhuzunika hata dakika tano.

(Kicheko kidogo kutoka safu ya wakuu wa vitengo, baada ya mmoja wao kuwatazama wenzake.)

Mtakumbuka, na asiyekumbuka atakumbushwa na kijitabu chenye picha yangu mlichopewa mlangoni, kwamba miezi mitano iliyopita alifika ofisini kwangu mama mmoja, tabibu wa dawa za asili, ambaye mtaani wanamwita Mama Uyoga, na leo tunaye, yule pale safu ya tatu mwenye miwani. Alikaa kwenye benchi la korido yetu siku tatu, jambo linaloonyesha jinsi benchi lile lilivyo imara, na siku ya nne nikampokea. Alikuwa na kapu. Ndani ya kapu mlikuwa na uyoga mkavu, ule mgumu unaofanana na sikio, unaoota kwenye magogo yaliyooza baada ya mvua za kwanza, ambao yeye, na mama yake kabla yake, na bibi yake kabla ya mama yake, wamekuwa wakiuchemsha na kuwapa watu walioelemewa na huzuni. Mama huyu hakuja kuomba kazi wala zabuni. Alikuja na swali. Nikamwambia, mama, umefika penyewe, maana hapa kwetu swali linatunzwa; likishaingia, halitoki.

Swali lenyewe, nikilifupisha kitaalamu, lilihusu uwezekano wa kufanya tathmini shirikishi ya ufanisi na usalama wa zao la kuvu, katika muktadha wa matumizi sambamba na tiba rasmi, kwa kuzingatia fremuweki ya

(Mama Uyoga, akiwa amesimama: "Mheshimiwa, hukulifupisha, umelirefusha. Nilisema hivi. Binti yangu ni fundi cherehani. Siku ile ilikuwa mwezi wa pili hajaigusa cherehani yake, leo ni wa saba. Anameza vidonge vya hospitali, vinamsaidia kidogo. Daktari akanikataza nisimchanganyie uyoga mpaka upimwe kwanza kwa panya, usije ukagombana na vidonge. Nikakuletea uyoga wangu wote wa mwaka mzima. Ukasema wiki tatu. Sasa, nimpe au nisimpe?" Ameketi. Pembeni yake, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi, yupo huyo binti mwenyewe. Mama mtu ananong'ona kwa jirani kwamba amemtoa ndani leo kwa kumwahidi kuwa jibu litatoka hapa. Binti anatazama sakafu.)

Ahsante sana mama kwa mchango wako mzuri, nimeupokea na tutaufanyia kazi. Jibu lipo. Jibu liko ukurasa wa arobaini na tatu, na sisi sasa tuko ukurasa wa pili. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

(Mama Uyoga: "Nimeinama wiki ishirini, mheshimiwa. Mgongo umeshazoea, cha mvunguni sijakiona." Kicheko.)

Naendelea. Changamoto ya kwanza ilikuwa umiliki. Uyoga ni chakula, kwa hiyo Dawati la Kilimo likasema ni wao. Uyoga huu ni dawa, kwa hiyo Dawati la Afya likasema ni wao. Unaota kwenye gogo, na gogo ni la Misitu. Lakini panya, ndugu zangu, panya hakuna aliyemtaka. Mifugo wakasema panya hafugwi. Wanyamapori wakasema panya haishi porini, anaishi kwenye kabati la masjala. Ziliandikwa barua kumi na tisa. Niliingilia kati mimi mwenyewe, nikaitisha kikao, na kwa ujasiri ambao watu wengine wangeuita wa kihistoria nikatamka kwamba panya atasimamiwa na Dawati la Rasilimali Watu hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo.

(Makofi marefu kutoka Dawati la Mifugo.)

Sasa naingia kwenye sayansi, naomba msiogope. Mtafiti wetu, dada msomi aliyebobea kwenye mambo ya panya, aliniletea andiko. Andiko lilisema panya kumi na wawili wagawanywe makundi mawili, sita wapewe maji yaliyochemshiwa uyoga, na sita wapewe maji matupu, ili tuone tofauti. Ndugu zangu, niliposoma pale kalamu ilinidondoka. Nikamwita. Nikamuuliza, dada, hawa sita wamekosa nini? Wao hawana huzuni? Akasema, mheshimiwa, ndivyo majaribio yanavyofanyika duniani kote. Nikamwambia duniani kote ni duniani kote, hapa ni ofisi ya umma, na mkataba wetu wa huduma kwa mteja, ambao umebandikwa kwenye mlango wa choo ili kila mtu ausome kwa utulivu, unakataza upendeleo. Akasema, basi tuwape wote. Nikamwambia tukiwapa wote uyoga utaisha, uyoga ukiisha mradi umeisha, na mradi ukiisha mimi na wewe tutakuwa nani? Ndipo nikatoa maelekezo, ambayo hadi leo yanatolewa mfano katika vikao vyangu vyote, kwamba makundi yote mawili yatendewe sawa, kila panya apate kiasi kilekile bila kujali jinsia yake wala rangi ya manyoya yake, na kiasi hicho kiwe sifuri.

(Makofi yameanza, yakasita, yakafa. Mwalimu mstaafu aliyeketi dirishani: "Sifuri?")

Sifuri ya haki, mwalimu. Na matokeo yake mnayajua? Tofauti kati ya kundi la kwanza na kundi la pili ilikuwa asilimia sifuri nukta sifuri sifuri. Nimefanya kazi katika taasisi hii miaka ishirini na miwili na sijawahi kuona makundi mawili yakikubaliana namna hiyo. Hata kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa haijawahi kutokea.

Halafu kuna kipimo cha ndoo. Hiki nacho kilikuwa kwenye andiko. Panya huwekwa kwenye ndoo ya maji, si kwa ubaya, anatolewa baada ya dakika chache na kukaushwa kwa taulo. Andiko likadai kwamba panya mwenye sonona huacha kupiga miguu akabaki anaelea, ishara kwamba amekata tamaa, na yule aliyepata nafuu huhangaika kutafuta njia ya kutoka. Nililikataa wazo hilo papo hapo. Mimi nimeongoza watu, nawajua. Mtumishi anayerukaruka, anayeuliza maswali, anayetaka kutoka kwenye ndoo, huyo ndiye mwenye matatizo. Mtumishi aliyetulia, asiyesema, anayeelea taratibu kuelekea kustaafu, huyo ndiye mwenye furaha. Mkitaka ushahidi wa kisayansi watazameni watumishi wangu waliosimama pale ukutani.

(Watumishi wa ukutani wametulia.)

Mnawaona? Furaha tupu.

(Binti wa Mama Uyoga ameinua kichwa, amewatazama watumishi wa ukutani mmoja baada ya mwingine, akakiinamisha tena.)

Mimi na yule dada mtafiti tulitofautiana kitaalamu, kwa upendo kabisa, na sasa amepangiwa kituo chetu cha mpakani ambako anahesabu magunia ya mbolea. Tunamtakia kila la heri. Kazi ya kupima furaha nikaikabidhi kwa maofisa wetu, ambao walitumia dodoso la maswali sitini na wakalijaza kwa niaba ya panya, kwa kuwa panya hana kitambulisho. Na sasa sikilizeni takwimu, naomba wanahabari waandike, na wewe mwenye kamera unipige kutoka upande huu. Asilimia tisini na moja nukta saba ya panya waliridhika au kuridhika sana. Yaani panya kumi na mmoja. Yule mmoja aliyebaki ameunganishwa na huduma ya ushauri nasaha. Asilimia mia moja ya panya walisema uongozi wa mradi ni mzuri. Asilimia mia moja hawakutoa lalamiko lolote, si kwa maandishi wala kwa mdomo.

(Mwalimu mstaafu: "Mheshimiwa, hao panya wako wapi? Tuone hata mmoja, tusimguse.")

Mwalimu, panya hapendi umati. Ni kiumbe wa faragha. Lakini mlangoni kuna mchoro wao wa rangi, wamepangwa kwa urefu, na anayetaka kupiga picha nao anaruhusiwa.

(Mama Uyoga: "Ukurasa wa arobaini na tatu bado?")

Tunakaribia, mama. Haraka haraka haina baraka. Kwanza wananchi wajue tunakokwenda. Rodimapu yetu ni kama ifuatavyo. Awamu ya kwanza ni panya, nayo imekamilika kwa kishindo. Awamu ya pili tutahamia kwa sungura, ambao ni wakubwa zaidi na kwa hiyo wana huzuni kubwa zaidi. Awamu ya tatu ni mbuzi. Hapo katikati wajumbe wa kamati watafanya ziara ya mafunzo ng'ambo kwenda kuona panya wa wenzetu wanavyoishi. Awamu ya nne tutajenga kituo cha umahiri cha ghorofa saba chenye lifti mbili, moja ya wataalamu na moja ya mbuzi. Na ikimpendeza Mungu, katika awamu ya tano tutamfikia binadamu.

(Mama Uyoga: "Kwa hiyo mwanangu angoje nyuma ya mbuzi?")

Si lazima angoje, mama. Anaweza kuendelea na huzuni yake kama kawaida wakati sisi tunaendelea na mchakato.

(Mama Uyoga amevua miwani, ameifuta kwa upindo wa gauni, ameivaa, na imeonekana wazi kwamba si miwani iliyokuwa na maji. Afisa Itifaki anamwonyesha Mheshimiwa saa. Binti ametoa mkono chini ya mtandio na kumshika mama yake kiwiko.)

Naam. Naona muda si rafiki. Basi twende moja kwa moja ukurasa wa arobaini na tatu. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Huu hapa. Ukurasa huu, naona, una picha yangu. Nimepiga na ndoo. Chini yake kuna maneno, tena kwa herufi nzito, kwamba utafiti zaidi unahitajika. Hilo ndilo jibu, mama, na ni jibu zuri, maana wapo walioleta maswali yao kabla yako ambao hata picha hawajapata.

Sasa naomba tusimame wote kwa kaulimbiu. Nikisema "Uyoga", nyinyi mnasema "Ni uchumi". Uyoga!

(Baadhi: "Ni uchumi." Mwalimu mstaafu: "Ni dawa.")

Nikisema "Panya", mnasema "Ni mdau". Panya!

(Watumishi wa ukutani: "Ni mdau.")

Huzuni!

(Hakuna aliyeambiwa cha kujibu. Kimya.)

Ahsanteni, mmeitikia vizuri. Nihitimishe kwa shukrani, maana mtovu wa shukrani ni mnyama, tena si panya. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea panya wale kumi na wawili kwa kukisia tu, bila kuonyeshwa hata mkia, na wakatoka wanafanana kabisa na panya. Nawashukuru wafagiaji wetu walioturuhusu kupigilia kibao cha "Maabara" kwenye mlango wa chumba chao cha mafagio, na kutuazima ndoo ya kupigia picha. Namshukuru fundi seremala ambaye yuko tayari muda wowote kutengeneza vizimba, siku tutakapomwambia vya wanyama gani. Nawashukuru maofisa waliojaza dodoso, wengine wakiwa nyumbani, wengine wakiwa likizo, kwa moyo wa kujitolea. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, Mama Uyoga, na katika kukuenzi naomba sasa kizinduliwe kielelezo kikuu cha mradi. Afisa Itifaki, funua.

(Kitambaa cha bluu kimevutwa. Juu ya meza lipo kapu la ukindu, limefungwa utepe mwekundu. Makofi. Mama Uyoga ametoka safu ya tatu, amepita mbele ya wakuu wote bila kuomba njia, ameinama juu ya kapu, amegusa fundo la kamba lililo chini ya utepe. Mama Uyoga: "Fundo hili nimelifunga mimi.")

Ndilo lenyewe, mama. Hongera kwa fundo imara.

(Mama Uyoga: "Hamkulifungua.")

Hata kidogo. Na hapo ndipo mtaona tofauti kati ya taasisi makini na taasisi za mchezo mchezo. Miezi mitano, na haijapungua gramu moja. Utunzaji wa sampuli asilimia mia. Hakuna kiumbe aliyeuonja uyoga huu, si panya, si sungura, si mtumishi. Ahsante, mama, unaweza kurudi kukaa.

(Mama Uyoga amechukua kapu, ameliweka kichwani pamoja na utepe wake, anaelekea mlangoni. Njiani amemwashiria binti yake anyanyuke.)

Mama, naomba usitoke na kapu. Mama. Lina namba ya mali ya ofisi hilo. Ndugu mlinzi, mzuie, lakini kwa heshima. Mama, tuelewane kama watu wazima. Nitasema ukweli mbele ya hadhara hii, na mwenye kamera azime kidogo. Maabara hatuna. Panya hatuna, hatujawahi kuwa nao, hata wa masjala walikufa kwa sumu kabla ya kikao cha kwanza. Ndoo wafagiaji wameshaichukua. Hilo kapu ndilo mradi. Ukitoka nalo, mimi hapa nimesimama naongelea nini? Na yule mmoja aliye kwenye ushauri nasaha, nitamweleza nini?

(Kicheko. Ni cha mtu mmoja. Binti, yule fundi cherehani, amesimama katikati ya safu ya tatu, mtandio umemwangukia mabegani, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili na anacheka, si kwa dharau, anacheka kama mtu aliyetekenywa, hadi machozi yanamtoka. Mama Uyoga amegeuka akiwa mlangoni, kapu kichwani, anamtazama binti yake.)

Dada, samahani, dada, hotuba bado haija

(Mama Uyoga: "Usimnyamazishe." Amerudi safu ya tatu polepole. Ameketi, kapu mapajani, na amemvuta binti aketi. Mama Uyoga: "Miezi saba, baba. Sijui kama ni kupona, kupona siyo mchezo, vidonge atameza na huu uyoga nitampelekea yule dada huko mpakani aupime. Lakini amecheka, umemsikia mwenyewe. Usishuke jukwaani. Ulisema panya hakuna. Haya, tueleze tena walivyoridhika.")